Kabla hujalipia nakala ya Sholay: namna ya kupima picha na sauti

Malipo ya korosho yanapoingia, biashara ya filamu nayo huchangamka Masasi na Newala. Kwa fedha ya mnada watu hununua sola, runinga na sabufa, kisha hupita kwa muuza filamu kuchukua DVD au kujaziwa memori kadi. Katika filamu za zamani za Kihindi, moja ambayo wazee bado wanaisimulia ni Sholay ya mwaka 1975.

Shida ni kwamba jina kwenye kava ni moja, lakini kilichomo ndani hutofautiana sana. Nakala moja ni nzima na safi, nyingine imekatwa nusu saa na sauti yake haisikiki. Hapa tunaeleza namna ya kuzitofautisha kabla hujatoa hela. Sholay ni mfano wetu, lakini vipimo hivi vinafaa kwa filamu yoyote ya zamani.

Kwanza, ijue filamu yenyewe

Sholay iliongozwa na Ramesh Sippy na kuanza kuonyeshwa India tarehe 15 Agosti 1975. Ni kisa cha Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, ambaye jambazi Gabbar Singh alimkata mikono yote miwili. Thakur anawakodi wahalifu wawili, Veeru na Jai, wamkamate Gabbar akiwa hai. Veeru ni Dharmendra, Jai ni Amitabh Bachchan, na Gabbar ni Amjad Khan. Sehemu kubwa ilipigwa kwenye vilima vya mawe vya Ramanagara, kusini mwa India, mandhari ambayo mtu aliyekulia chini ya milima ya mawe ya Masasi hataiona ngeni.

Ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, kisha ikakuzwa kwenye mkanda wa milimita 70 kwa ajili ya kumbi kubwa, ikawa na picha pana na sauti ya stereo. Kwa hiyo ukiona punje ndogondogo zinazochezacheza kwenye picha, usikimbilie kusema nakala ni mbovu. Hizo ni za mkanda wenyewe. Nakala iliyosafishwa mno hadi nyuso zikawa laini kama nta ndiyo iliyoharibiwa.

Angalia urefu

Filamu ilipotengenezwa ilikuwa na dakika 204, yaani saa 3 na dakika 24. Mwishoni Thakur alimuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa India wakaukataa mwisho huo, ukapigwa mwingine ambao polisi wanafika na kumchukua Gabbar.

Ndiyo maana nakala za nyumbani zimetoka kwa sura mbili kuu. Moja ni ndefu, ya dakika 204, yenye mwisho wa kwanza na picha inayokaribia mraba. Nyingine ni ya dakika 198, yenye mwisho wa polisi na picha pana. Mwaka 2025 filamu iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa kwanza, ilionyeshwa Bologna, Italia. Hivyo babu na mjukuu wakibishana kuhusu namna Gabbar alivyoishia, huenda wote wawili wanasema kweli.

Lakini nakala ikiwa chini ya saa tatu, hiyo si sura ya tatu. Kuna mtu ameikata, na mara nyingi nyimbo ndizo huondolewa kwanza.

Angalia ukubwa wa faili

DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Ukiuziwa diski moja yenye filamu 20, gawanya mwenyewe: kila filamu imebaki na MB 235 hivi. Filamu ya zaidi ya saa tatu ikibanwa kiasi hicho, picha hugeuka vipande vya mraba kila farasi wanapokimbia au moshi unapopita. Kwenye memori kadi, nakala ya Sholay inayotazamika vizuri kwenye runinga hukaribia GB 1.5 au kuzidi.

Kwenye simu, bonyeza faili na ushikilie, kisha fungua maelezo yake. Utaona muda, ukubwa na vipimo vya picha. Nakala iliyotolewa kwenye DVD bila kupunguzwa huandikwa 720 kwa 576 au 720 kwa 480. Ukikuta 320 kwa 240, hiyo inatosha kioo cha simu ndogo tu.

Pima picha kwa matukio mawili

La kwanza ni mkokoteni wa farasi wa Basanti, ambaye ni Hema Malini. Tazama gurudumu unapoonekana ubavuni. Likiwa duara, picha iko sawa. Likiwa kama yai, picha imevutwa. Jaribu kwanza kubadili umbo la picha kwa rimoti, kwani huenda ni runinga inayovuta.

La pili ni usiku, Radha anapozima taa huku Jai akipuliza kinanda cha mdomo. Kwenye nakala nzuri utauona uso wake, nguzo na kivuli, kila kimoja mahali pake. Kwenye nakala mbaya vyote vinamezwa na weusi, au weusi wenyewe unageuka kijivu chenye chenga.

Pima sauti kwa kimya

Watu wengi hupima sauti kwa wimbo au mlio wa bunduki. Hapo hata nakala mbovu hujitutumua. Pima mahali penye utulivu. Gabbar anapotokea mara ya kwanza, anatembea juu ya mawe akiburuza mkanda wake. Unapaswa kusikia buti na chuma vikigusa mwamba. Ukisikia mvumo mtupu kama wa redio iliyopoteza masafa, achana nayo.

Kisha tazama midomo. Neno likichelewa nyuma ya mdomo mwanzoni mwa filamu, ruka hadi mwisho utazame tena, maana mara nyingi pengo huongezeka.

Filamu iliyotafsiriwa, kama zile alizozipa umaarufu marehemu Lufufu, ina kipimo chake. Hapo sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, na wengi wetu tulizipenda hizo kuliko zenyewe. Nakala nzuri ya namna hiyo hushusha sauti ya filamu mtafsiri anapoongea na kuirudisha anaponyamaza. Ikiwa sauti mbili zinagombana mwanzo hadi mwisho, kazi ilifanywa ovyo, au imenakiliwa mara nyingi mno.

Nakala au chombo?

Kabla ya kumlaumu muuzaji, cheza filamu nyingine unayoijua kwenye chombo hicho hicho. Nayo ikikwaruza, angalia deki, nyaya au spika. Picha ikiganda mahali pale pale kila mara, kosa ni la diski. Ikiganda popote tu, huenda lenzi ya deki imejaa vumbi, jambo la kawaida wakati wa kiangazi huku kwetu.

Ukiwa dukani

Omba ijaribiwe mbele yako kwa dakika tano: muda wa filamu, gurudumu, taa za Radha, mawe ya Gabbar, kisha dakika za mwisho. Muuzaji akikataa, bakiza hela yako mfukoni.

Kumbuka pia kwamba kunakili filamu na kuiuza bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zaidi ya sheria, nakala ya aina hiyo haina wa kuibeba lawama. Ukifika nyumbani ukakuta mwisho haupo, aliyekujazia kadi atakuambia naye aliikuta hivyo hivyo.