Windows 10 au Windows 11? Soma hapa kabla hujampa fundi hela



Kuna dada mmoja jirani yangu ana steshenari karibu na geti la chuo. Anachapa kazi za wanafunzi, anatoa kopi, anaskani vyeti na anawajazia watu fomu za maombi mtandaoni. Ana kompyuta tatu za mezani, zote za mtumba, zote Windows 10. Siku moja akaniita: "Kaka, hebu njoo uone. Hivi hii kompyuta inanifukuza?"

Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa Microsoft kwamba huduma ya Windows 10 imefikia mwisho. Fundi wa kwanza alishamwambia anunue mashine tatu mpya. Fundi wa pili akamwambia apuuze, hizo ni biashara za watu tu. Yeye amekaa katikati, hela ya mashine tatu hana, na kwenye diski zake kuna tasnifu za watoto wa watu.

Nimeulizwa swali hili na watu wengi, kwa hiyo nimeona niliandike lote mara moja.

Kuisha maana yake nini?

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ikaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi kompyuta itazima. Itawaka, Word itafunguka, printa itatoa karatasi kama jana. Kilichoisha ni viraka.

Kila programu kubwa ina matundu ambayo waliyoitengeneza hawakuyaona. Yakigunduliwa, Microsoft hutoa kiraka, kwa kawaida kila Jumanne ya pili ya mwezi. Huduma ikiisha matundu yanaendelea kugunduliwa, ila ya kwako hayazibwi tena. Mbaya zaidi, Windows 10 na 11 zina vitu vingi vya pamoja. Kiraka cha 11 kikitoka, mwizi anaweza kukichunguza akajua tundu lilipo kwenye 10.

Aliyebaki nyuma si lazima awe mjinga

Tukumbuke historia kidogo. Windows XP ilitoka 2001. Vista ilipokuja 2007 watu wengi waliikataa, ilikuwa nzito, wakabaki na XP yao. Hawakukosea, maana XP iliendelea kupata viraka hadi tarehe 8 Aprili 2014. Windows 8 ilipokuja 2012 na kuondoa kitufe cha Start, wengi wakang'ang'ania Windows 7. Nao hawakukosea, kwa sababu 7 ilihudumiwa hadi tarehe 14 Januari 2020.

Kwa hiyo aliyebaki na XP mwaka 2007 alikuwa na akili zake. Aliyebaki nayo mwaka 2017 huku ameunganisha intaneti, huyo alikuwa amelala mlango wazi. Swali la kujiuliza sio "ipi mpya?" Jiulize: "ninayotumia, bado kuna mtu anaiziba?"

Na mwaka 2017 huo ndio dunia ilipata somo. Tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo, kikafunga faili za watu na kudai malipo, kikafika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Sehemu kubwa ya mashine zilizopigwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo miezi miwili, wenyewe hawakukiweka.

Hapo nawagusa wenzangu tunaozima masasisho ili kuokoa bando. Windows 11 isiyosasishwa nayo ni mlango wazi, una rangi mpya tu.

Mimi mwenyewe nina deni hapa. Windows 7 ilipoisha mwaka 2020, rafiki yangu mmoja mwenye ofisi ndogo aliniuliza afanyeje. Nikamwambia, "We endelea tu, haina shida." Mwaka uliofuata alifika asubuhi akakuta faili zote zimefungwa, mahesabu ya miaka minne, na nakala ya akiba hana. Sijui hadi leo kirusi kiliingilia wapi, huenda ni flashi, huenda ni programu ya kuchakachua. Ninachojua ni kwamba aliniuliza mimi, na jibu langu lilikuwa la kivivu.

Je, mashine yako inakubali 11?

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka mambo haya:

1. Prosesa ya biti 64 yenye viini 2 au zaidi, na iwe kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa AMD, kwa ujumla ni Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu.
2. RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa kazi ya kweli, RAM iwe GB 8.
3. TPM 2.0, yaani kijisehemu kinachotunza funguo za siri za kompyuta.
4. UEFI yenye uwezo wa Secure Boot.

Wauzaji wa mtumba wanapenda kusema "hii ni Core i5 bwana!" Core i5 peke yake haikwambii kitu. Angalia namba inayofuata. i5-4590 ni kizazi cha 4, haimo. i5-8500 ni kizazi cha 8, imo. i7-10510U ni kizazi cha 10. Bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties, utaiona.

Kuhusu TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ukiambiwa haipo usikate tamaa, mashine nyingi wanayo ila imezimwa kwenye BIOS. Microsoft wana programu ya bure inaitwa PC Health Check, inakupa jibu lote kwa pamoja.

Njia zilizopo

*Kuhamia 11.* Kama mashine inakubali na Windows 10 yako ni halali, kuhama ni bure. Usimlipe mtu hela ya leseni. Nakili faili zako kwanza kwenye diski ya nje. Upakuaji ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo jipange na bando, na usifanye siku ambayo umeme unachezacheza. Usipoipenda, una siku 10 za kurudi kwenye 10 bila kupoteza faili.

*Kununua muda.* Kwa kompyuta za nyumbani Microsoft waliweka mpango wa mwaka mmoja wa viraka vya ziada vya Windows 10, mwisho tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na toleo la 22H2. Kujiunga ilikuwa ni dola 30 kwa mara moja, au bila malipo kwa kuwasha uhifadhi wa mipangilio kupitia akaunti ya Microsoft. Kiungo chake hutokea ndani ya Settings, kwenye Windows Update. Makampuni yana mpango wao wa hadi miaka mitatu, ambao ulianzia dola 61 kwa mashine na bei inajirudia mara mbili kila mwaka. Muda huu ni wa kujipanga, usije ukautumia kusahau.

*Kubaki na 10 bila intaneti.* Inawezekana kabisa kama mashine ni ya kuchapa au kuendesha kifaa fulani tu. Lakini bila intaneti iwe kweli, waya uchomolewe na Wi-Fi izimwe. Na flashi za wateja zisiingie hovyo.

*Linux.* Usiogope jina. Linux Mint na Ubuntu ni bure, zinahudumiwa, na zinakwenda vizuri kwenye mashine nyingi ambazo 11 inazikataa. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Na kwetu si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004. Ubaya wake ni kwamba hati za Word zenye majedwali mengi zinaweza kuhama mpangilio, na baadhi ya printa na skana hazikubali. Jaribu kwanza.

*Kulazimisha 11.* Mafundi wanajua kuruka masharti. Inawezekana, lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo la 24H2 la mwaka 2024 haliwaki kabisa kwenye prosesa za zamani sana. Nyumbani kwako jaribu ukitaka. Kwenye biashara inayokulisha, mimi siwezi kukushauri.

Na kabla ya yote, kama malalamiko yako ni uzito tu, huenda tatizo sio Windows. Badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, ongeza RAM, uone. Mashine nyingi "zilizokufa" zimefufuka hivyo.

Tulichofanya pale steshenari

Tulikaa na dada jioni moja baada ya kufunga. Mashine moja ilikuwa kizazi cha 8, TPM imezimwa. Tukaiwasha, tukaihamishia 11. Hiyo ndiyo ya intaneti, fomu na barua pepe. Mbili zilikuwa kizazi cha 4. Moja tuliiacha na Windows 10 kwa sababu skana yake ya zamani haikubali kwingine, tukachomoa waya wa intaneti. Ya tatu tukaweka Linux Mint, na flashi zote za wateja zinaanzia hapo, kwa kuwa virusi vingi vya flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Hati ya mwisho inapangwa na kuchapwa kwenye ile ya 11.

Kitu pekee kilichonunuliwa ni diski ya nje. Kila Ijumaa ananakili kazi zote, anachomoa, anaondoka nayo nyumbani. Wiki ya kwanza alinung'unika, "Kaka, hii Mint vitufe vyake vimekaa vingine." Wiki ya tatu nilimkuta anamfundisha msaidizi wake.

Kwa kifupi: mashine ikikubali 11, hama. Isipokubali, chagua kati ya Linux na kukata intaneti, au kununua muda kama mpango bado uko wazi. Ukichagua kutofanya lolote, angalau nakili faili zako leo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Aliyejaribu Linux na printa za zamani atupe uzoefu wake kwenye maoni hapo chini, na kama nimekosea mahali nikosoeni, nitarekebisha.