Futi na mita: vipimo vya nyumba kutoka Texas hadi Pwani

Mji wa Katy, magharibi ya Houston katika jimbo la Texas, ulianza kama kituo cha reli na mashamba ya mpunga, ukapata hadhi ya mji mwaka 1945. Sehemu kubwa ya mashamba hayo imegeuka mitaa ya nyumba za fremu za mbao, na nyumba hizo hupimwa kwa futi na inchi, kuanzia ramani hadi paa.

Jambo hilo humshangaza mgeni kutoka Afrika Mashariki, aliyefundishwa mita na sentimita tangu shule ya msingi.

Hata hivyo, futi si kipimo cha kwanza cha Texas. Enzi za Hispania na baadaye Mexico, ardhi ya huko ilipimwa kwa vara. Mwaka 1919 sheria ya jimbo iliweka vara kuwa inchi 33 na theluthi moja, ili hati za zamani ziendelee kusomeka.

Marekani nayo haikuwa mgeni wa mita. Bunge la nchi hiyo liliruhusu matumizi yake mwaka 1866, na mwaka 1875 Marekani ilikuwa miongoni mwa mataifa 17 yaliyotia saini Mkataba wa Mita mjini Paris. Tangu mwaka 1893 yadi ya Marekani imekadiriwa kwa kutumia mita, na mwaka 1959 ilikubaliwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Kwa hiyo seremala wa Katy anayepima kwa inchi anategemea mita, ajue asijue.

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuhamia mita, lakini uhamiaji huo ulikuwa wa hiari, na bodi iliyoundwa kuusimamia ilivunjwa mwaka 1982. Sheria nyingine ya mwaka 1988 iliitaja mita kuwa mfumo unaopendelewa katika biashara. Upinzani ulidhihirika kwenye ujenzi: mwaka 1996 watengenezaji wa matofali ya saruji na wa taa za kufukiwa darini walipata kinga ya sheria, ili majengo ya serikali kuu yasiwalazimishe kwa urahisi kubadili vipimo vya bidhaa zao.

Sababu yao ilikuwa gharama. Nyumba ni mnyororo. Nguzo za ukuta wa mbao huko husimamishwa kila baada ya inchi 16, na ubao wa plaiwudi una futi 4 kwa 8, yaani inchi 48 kwa 96, ukubwa unaogawanyika kwa 16 bila baki. Kubadili kimoja ni kubadili vyote, pamoja na mashine na kalibu za viwandani.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Watu wa Pwani walipima kwa mwili: shibiri, dhiraa na pima. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa chumba, ambao mara nyingi haukuzidi mita 3. Waingereza wakaleta futi na eka. Baada ya uhuru, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zilihamia mita kwa uamuzi wa serikali.

Sheria ilibadilika, lakini ulimi wa fundi haukubadilika wote. Hadi leo huagizwa mbao za mbili kwa nne, misumari ya inchi nne na tofali la inchi sita, huku nondo zikitajwa kwa milimita. Nchini Kenya kiwanja cha hamsini kwa mia ni cha futi, na hakuna anayeuliza.

Mchanganyiko huo una hatari kwa wanaoishi Marekani na kujenga nyumbani kwao. Ramani ya huko ikionyesha ukuta wa futi 40, urefu wake ni mita 12.19. Fundi akikadiria kwamba futi moja ni sentimita 30, atachimba msingi wa mita 12, na kenchi zilizotengenezwa kwa kipimo sahihi zitazidi ukuta kwa sentimita 19.

Kosa la aina hiyo haliwapati mafundi wa mitaani peke yao. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake kilichokuwa kikienda sayari ya Mars, kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu za nguvu kwa ratili na upande wa pili ulizisoma kwa nyutoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa namna hii huanzia kwenye karatasi. Tepu nyingi za mafundi wa Afrika Mashariki zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kinachobaki ni mwenye nyumba na fundi kukubaliana upande utakaotumika, na kuandika jina la kipimo mbele ya kila tarakimu, kabla jembe halijagusa ardhi.