Tao la unyayo na soli inayolitegemeza

Mwalimu anayesimama darasani tangu asubuhi, muuguzi wa zamu ya usiku na mkimbiaji wa mbio ndefu mara nyingi hufika kwa daktari na lalamiko moja. Wakishuka kitandani, hatua za kwanza huwachoma kisiginoni na chini ya unyayo. Wakitembea kidogo maumivu hupoa. Wakikaa kitako saa nzima na kuinuka, yanarudi. Daktari huandika maneno mawili kwenye faili, plantar fasciitis, na mfasiri anayetakiwa kuyaeleza kwa Kiswahili ana kazi.

Neno la kwanza halimsumbui: ni "-a unyayo", basi. Tatizo liko katika neno la pili, na linaanzia mkiani. Kiishio -itis kimetoka katika Kigiriki, na madaktari hukitumia kutaja inflamesheni, yaani sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma. Kiswahili kimezoea kukipa jina la homa: homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Akifuata njia hiyo, mfasiri atapata "homa ya unyayo", na mgonjwa atakwenda kupima malaria. Akichagua "uvimbe", mgonjwa atawaza saratani kabla hajavua kiatu.

Kinachochekesha ni kwamba Kigiriki nacho kimetiliwa shaka. Mwaka 2003 Mmarekani Harvey Lemont na wenzake walichapisha uchunguzi wa tishu za wagonjwa 50 waliopasuliwa kwa tatizo hili. Inflamesheni hawakuiona. Waliona nyuzi zilizochakaa na kuharibika. Kwa hiyo anayesema "maumivu ya kisigino na unyayo" hajakosa usomi. Huenda amesema kweli kuliko aliyeandika -itis.

Kisha kuna fascia. Wengine huiita utando, lakini utando ni wa buibui, au ule unaofunika jicho. Ni kitu chepesi. Kano nayo huunganisha msuli na mfupa, na fascia hii haitoki kwenye msuli. Ni mshipi mnene na mgumu unaoshika mfupa wa kisigino, ukatawanyika kwenda mbele hadi mashina ya vidole. "Ukanda wa unyayo" unatosha, na mgonjwa akiusikia anajua pa kugusa.

Neno linalostahili kubishaniwa zaidi ni lile la mbonyeo wa ndani wa mguu. Vitabu husema tao, na tao linaeleweka: kila aliyepita Mji Mkongwe wa Zanzibar ameyaona ya mawe juu ya milango. Lakini tao la mawe halina kitu kinachovutwa chini yake, na halichezi. Mguu una mifupa 26 kutoka kifundo hadi ncha za vidole, na tao lake hushuka mtu akikanyaga na kuinuka akijisukuma mbele. Hapo upinde hueleza vizuri zaidi. Mifupa ndiyo mti, ukanda wa unyayo ndio ugwe. Mwaka 1954 Mwingereza John Hicks alionyesha jinsi vidole vikikunjwa kwenda juu vinavyouvuta ukanda huo, kisigino kikasogezwa karibu na vidole, na tao likapanda. Anayetaka kuthibitisha asimame peku, ainue kidole gumba cha mguu kwa mkono, aangalie upande wa ndani. Jina la tao limekwishaenea na litabaki. Upinde ubaki kuwa maelezo yake.

Sasa soli inayolitegemeza tao hilo. Kila kiatu cha kufunika kina soli ya ndani, kile kipande chembamba kinachogusa soksi, kwa hiyo jina hilo peke yake halitoshi. Inayozungumzwa hapa imeinuliwa upande wa tao na imechimbwa kisiginoni, kusudi tao lisishuke sana na ugwe usivutwe kupita kiasi. "Soli tegemezi" inaitofautisha. Biashara yake ni ya zamani: William Scholl alianza kuuza ya kwake, Foot-Eazer, mjini Chicago mwaka 1904. Ile inayotengenezwa kwa vipimo vya mguu wa mtu mmoja ni kazi ya mafundi wa vifaa tiba kama wanaofundishwa TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, Moshi. Hiyo yaweza kuitwa soli ya kupima, kama mtu asemavyo suruali ya kupima.

Je, ya kupima inashinda ya dukani? Mwaka 2006 Karl Landorf na wenzake, Australia, walitoa matokeo ya jaribio la watu 135 waliogawiwa soli za aina tatu: sponji laini isiyotegemeza kitu, ya dukani iliyo ngumu kiasi, na ya kupima. Baada ya miezi 3 mbili za mwisho zilikuwa zimesaidia kidogo miguu kufanya kazi, na hazikupitana. Baada ya miezi 12 tofauti zilikuwa zimekwisha. Mwenye mfuko mwembamba ana sababu ya kuanzia dukani, na akibonyeza tao la soli kwa kidole gumba likalala chapati, airudishe rafuni.

Soli tegemezi hudai kiatu chenye kina na kisigino kilichofungwa. Kwenye kandambili haina pa kukaa. Viatu vya mtumba vina shida yao: soli ya ndani imekwishachukua umbo la unyayo wa mwenyewe wa kwanza. Ing'olewe, ndipo mpya iwekwe, la sivyo kiatu kitabana juu.

Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijinunulie tu. Soli ngumu yaweza kumchubua bila yeye kujua, na mchubuko ukawa kidonda. Yeye aanzie kliniki.