Kama Mfalme Angelivua Taji

Kuna swali ambalo wapenzi wa historia ya Ulaya hawachoki kuulizana: ingekuwaje kama François wa Kwanza wa Ufaransa asingekamatwa vitani kule Pavia? Mimi limenichosha kidogo. Wafalme walikamatwa kabla yake, na vita vina bahati zake. Linaloninyima usingizi ni karatasi moja aliyoitia saini akiwa kifungoni Madrid, miezi tisa baadaye, ambayo haikutumika kamwe. Nitaifikia. Ila tuanzie Pavia, maana bila Pavia karatasi haieleweki.

Ilikuwa tarehe 24 Februari 1525, kaskazini mwa Italia. François, miaka 30, alikuwa ameuzingira mji wa Pavia tangu mwishoni mwa Oktoba. Alishaipata Milan na alikuwa na uhakika wa ushindi kiasi cha kupunguza jeshi lake mwenyewe na kutuma kikosi kwenda kuitishia Napoli. Waliomkabili ni majeshi ya Charles wa Tano, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi na mfalme wa Hispania. Charles hakuwepo, alikuwa Hispania, na siku hiyo ndiyo alikuwa anatimiza miaka 25. Makamanda wake walikuwa na tatizo moja kubwa: pesa zilikuwa zimekwisha. Askari wa kukodiwa wasipolipwa huondoka. Kwa hiyo ilibidi wapigane haraka au wabaki bila jeshi.

Usiku wakabomoa sehemu ya ukuta wa hifadhi ya mawindo iliyokuwa nje ya mji, wakaingia. Mizinga ya Wafaransa ilianza vizuri. Kisha mfalme, akidhani adui anakimbia, akaongoza wapanda farasi wake kwa kasi na kupita mbele ya mizinga yake mwenyewe. Wapiga mizinga wafanye nini? Wamlipue mfalme? Wakanyamaza. Askari wa bunduki wa Kihispania wakajipanga kwenye miti na vichaka, wakawaangusha mabwana wakubwa wa Ufaransa mmoja mmoja. Bonnivet akafa. La Palice akafa. La Trémoille, mzee wa zaidi ya miaka 60, naye akafa. Farasi wa mfalme akaanguka, na François akaishia mikononi mwa Lannoy, mtawala wa Napoli kwa niaba ya Charles.

Alimwandikia mama yake, Louise wa Savoy, barua ambayo watu huikumbuka nusu. Inasemwa kwamba alimwambia kila kitu kimepotea isipokuwa heshima. Barua yenyewe inataja vitu viwili vilivyobaki: heshima, na uhai wake ulio salama. Hicho cha pili watu hukiacha, nadhani kwa sababu kinapunguza ushujaa. Lakini kisiasa, hicho cha pili ndicho kilichokuwa na bei.

Hebu fikiria angekufa pale. Mwanawe mkubwa, naye François, alibakiza siku nne kutimiza miaka saba. Angetangazwa mfalme, bibi yake Louise angeendelea kusimamia nchi kama alivyokuwa akifanya tayari, na Charles angebaki na ushindi mkubwa usio na kitu cha kuuza. Mfalme aliyekufa hasaini mkataba. Aliye hai, tena mwenye hamu ya kurudi nyumbani, anaweza kusaini chochote.

Na Charles alihitaji sana hiyo saini, kwa sababu kwa nguvu asingepata. Alikuwa tajiri wa majina na maskini wa fedha taslimu. Mshirika wake Henry wa Nane wa Uingereza alitaka waivamie Ufaransa na kuigawana, lakini alipojaribu kuwatoza wananchi wake kodi ya vita hiyo, waligoma na kufanya fujo mpaka akairudisha nyuma. Charles naye, badala ya kumwoa binti mdogo wa Henry, akamchagua Isabel wa Ureno, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mahari (ambayo kwao ililipwa na upande wa bibi harusi, si kama kwetu). Ndiyo Ureno ileile iliyoichoma Mombasa mwaka 1505. Henry akanuna, na Agosti 1525 Louise akafanya naye amani. Huku akituma wajumbe mpaka kwa Sultani Suleiman, Istanbul. Yule mama hakukaa kulia.

Charles alichokitaka ni Burgundy, nchi ya mababu zake upande wa bibi yake, iliyochukuliwa na Ufaransa nusu karne nyuma. François akakataa. Septemba akaugua sana, jipu kichwani, ikabidi Charles mwenyewe aende kumwona, maana mateka akifa mali imekufa. Akapona. Mazungumzo yakakwama tena.

Sasa ndiyo tunaifikia karatasi. Novemba 1525 François alisaini hati ya kuachia kiti cha ufalme. Mwanawe atawazwe, Louise awe msimamizi, na akifariki dada yake mfalme, Marguerite, achukue nafasi. Palikuwa na kifungu kwamba yeye akiwa huru siku moja, atarudishiwa kiti chake. Ili hati iwe na nguvu, ilipaswa kupelekwa Paris na kusajiliwa na mahakama kuu ya kule. Haikusajiliwa.

Tuseme ingesajiliwa. Asubuhi hiyo Charles angeamka akiwa amemshika bwana mmoja wa Kifaransa, mrefu, anayependa kuwinda. Hakuna Burgundy ya kupata kwake, kwa sababu asingekuwa na Burgundy ya kutoa. Kumlisha na kumlinda ni gharama. Kumuua ni aibu. Naamini baada ya mwaka mmoja au miwili angemwachia kwa fidia ya fedha tu, na fedha ndizo alizokuwa akihitaji.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: eti Roma isingetekwa mwaka 1527, Papa asingekuwa chini ya mkono wa Charles, Henry angepewa ruhusa ya kumwacha Catherine, shangazi yake Charles, na Uingereza ingebaki Katoliki. Hapo ndipo ninaposhuka kwenye basi. Roma iliporwa na jeshi ambalo halikulipwa, na jeshi hilo lilikuwa halilipwi hata kabla ya Pavia. Mimi nabaki na watu wawili tu ambao maisha yao yangebadilika bila ubishi.

Wanahistoria wengi huiona hati ile kama kitisho cha mezani. Huenda. Na Louise alikuwa na sababu za kuogopa: mfalme mtoto, mahakama ya Paris yenye manung'uniko, na Bourbon, mkuu wa zamani wa majeshi ya Ufaransa aliyehamia kwa Charles, akingoja mpasuko. Lakini nikimtazama François naona pia mtu aliyeweza kukimbilia risasi bila kufikiri, ila kukaa Madrid miaka isiyo na hesabu, bila taji na bila kutazamwa, kulimshinda.

Akachagua njia nyingine. Januari 1526 aliwaita mashahidi kwa siri, akaandikisha kwamba atakachosaini amelazimishwa na hakimfungi. Kisha, tarehe 14, akasaini: Burgundy atatoa, Italia ataacha, na wanawe wawili wa kwanza watakaa Hispania kama dhamana. Gattinara, chansela wa Charles, alikuwa amemshauri bosi wake afanye moja: amwachie kwa ukarimu au amshikilie moja kwa moja. Alipoona mkataba, akakataa kuupiga muhuri. Alijua.

Tarehe 17 Machi 1526, kwenye mto Bidasoa unaotenganisha nchi hizo mbili, mfalme alivuka kwenda kwao na watoto wakavuka kwenda kifungoni. François mdogo alikuwa na miaka minane. Henri alibakiza wiki mbili kutimiza saba. Miezi miwili baadaye baba yao alikuwa ameshaingia kwenye muungano mpya dhidi ya Charles, na Burgundy hakuitoa.

Hapa huwa namkumbuka Jean wa Pili, mfalme mwingine wa Ufaransa, aliyekamatwa na Waingereza Poitiers mwaka 1356. Naye aliachiwa kwa dhamana, mmoja wao mwanawe Louis. Louis alipotoroka, Jean alipanda meli kurudi London mwenyewe, akafia huko mwaka 1364. Washauri wake walimwona mjinga. Pengine alikuwa mjinga kweli. Lakini aliyelipa ni yeye.

Kwa wavulana wa François, hali ilizidi kuwa mbaya kadiri baba alivyopigana. Watumishi wao wa Kifaransa waliondolewa. Mwaka 1529 Louise na Margaret wa Austria, shangazi yake Charles, walikaa Cambrai wakamaliza kwa kalamu walichoshindwa wanaume: Burgundy ibaki Ufaransa, na watoto wakombolewe kwa sarafu milioni 2 za dhahabu. Mwaka huohuo mjumbe wa Louise aliruhusiwa kuwaona katika ngome ya Pedraza. Aliwakuta katika chumba chenye giza, nguo duni, madirisha ya vyuma. Akaanza kuwapa habari za nyumbani kwa Kifaransa. Mkubwa, mrithi wa Ufaransa, akamgeukia mlinzi na kumwambia kwa Kihispania kwamba hamwelewi mtu huyu.

Ilibidi wangoje bado. Wahispania walizihesabu na kuzipima sarafu kwa miezi, nyingine zikaonekana pungufu, zikaongezwa. Walivuka Bidasoa kurudi tarehe 1 Julai 1530. Henri, aliyekuja kuwa mfalme mwaka 1547, alikuwa na miaka 11.