Saini za The Beatles
Saini za John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr zinatafutwa sana na wakusanyaji, na zimeghushiwa mno. Si kila isiyo halisi ilitokana na ulaghai: maombi ya mashabiki yalipofurika, wasaidizi wao wa safari, Neil Aspinall na Mal Evans, walisaini kwa niaba ya wote wanne, na wanamuziki wenyewe waliandikiana majina. Kipimo bora ni mwendo wa kalamu. Mwigaji huandika polepole, mstari ukatetemeka. Kalamu ya mwenye jina hutiririka. Tarehe nazo husema: Starr alijiunga na bendi Agosti 1962, hivyo saini yake kama mwanabendi kwenye karatasi ya 1961 inatia shaka kubwa. Cheti cha uhalisi cha muuzaji pekee hakitoshi.