Mbuzi Anayerudishwa

Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi wake humbeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Akimwacha mbuzi na chui, mbuzi ataliwa. Akimwacha na majani, majani yatakwisha. Avukeje?

Chemsha bongo hii wanayotegana watoto wetu imo katika mkusanyo wa Kilatini wenye umri wa zaidi ya miaka 1,100, ulioandikwa ili kunoa akili za vijana. Wengi humtaja Alcuin wa York kuwa mtunzi wake, yule mwalimu Mwingereza wa makao ya mfalme Charlemagne aliyefariki Tours, Ufaransa, mwaka 804. Kwake chui ni mbwa mwitu, na majani ni kabichi.

Humo mna pia ngazi ya vidato 100: cha kwanza kina njiwa 1, cha pili 2, hadi cha mia chenye 100. Hakuna haja ya kuhesabu mmoja mmoja. 1 na 99 ni 100, 2 na 98 vilevile. Jozi zipo 49, wanabaki 50 na 100. Jumla 5,050.

Swali la mtumbwi halidai hata kujumlisha. Mtoto humvusha mbuzi, akarudi kumchukua chui, kisha hukwama, maana aliyekwisha kuvushwa haonekani kuwa wa kurudishwa. Siku anapothubutu kumrudisha mbuzi, safari saba zinatosha. Hapo ndipo penye somo lote, na mzazi anayedokeza jibu mapema amempokonya mwanawe somo hilo.

Mwaka 1990 mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher alichapisha uchunguzi wa mafumbo ya uvukaji kutoka jamii mbalimbali, Afrika ikiwemo. Linalonivutia zaidi ni la Waila wa Zambia: chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi. Mpe mtoto ajaribu. Akiondoka na mbuzi, panya atakula mahindi. Akiondoka na chui, hali ni ileile. Akichukua panya au mahindi, chui atamla mbuzi. Hata safari ya kwanza haiwezekani, na kulithibitisha hilo ni hisabati kamili. Mwenye mtumbwi anafikiria kumwacha chui au panya, njia ambayo ingemvusha. Anakataa: wanyama hao kwake ni kama watoto. Anabaki alipo.