Kongosho ndani ya ordinateri: namna vipande mamia vinarudishwa kuwa kimoja

Munganga akitoa nyama kidogo katika mwili wa mugonjwa na kuipeleka labo, kinachoangaliwa kwa mikroskopu ni kipande chembamba sana, cha mikrometa 4 hivi. Ili kufikisha unene wa milimita 1 tu, inaomba kupanga vipande kama hivyo 250. Kwa kawaida labo inasoma vichache, kisha inatoa jibu.

Shida iko hapo. Mtu akikata muhogo na kuona madoa matatu meusi, hawezi kujua kama ni madoa matatu kweli ao ni uozo mmoja unaojipinda ndani. Mpaka aendelee kukata.

Njia inayoitwa CODA njo inaendelea kukata. Ilitengenezwa na kundi la Ashley Kiemen na Denis Wirtz kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na ilitangazwa mwaka 2022 katika jarida Nature Methods. Walianza na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, chenye kutoa insulini na maji ya kusaga chakula. Kansa yake mara nyingi inagunduliwa wakati imekwisha kuenea.

Nyama inazamishwa katika parafini, sawa vile utambi ndani ya mshumaa, inakatwa vipande mamia vinavyofuatana, vinabandikwa kwenye vioo na kutiwa rangi ya zambarau na pinki. Rangi hizo si mpya, labo zinazitumia tangu zaidi ya miaka 100. Mashine inapiga picha ya kila kioo, na ordinateri inazipanga moja juu ya ingine. Kupanga huko ni kugumu, juu kipande kikikatwa kinavutika, kinakunjika ao kinageuka kidogo. Programu inakinyoosha hadi kipatane na jirani yake. Kisha watu wanachora kwa mkono kwenye picha chache: huu ni mfereji, haya mafuta, huu mshipa wa damu. Programu inajifunza kwa mifano hiyo na kumaliza zenye kubaki.

Mwaka 2024, katika jarida Nature, watafiti walieleza sampuli 46 za kongosho zilizoonekana nzima kwa macho. Ndani yake walikuta, kwa wastani, vidonda vidogo 13 vinavyoweza kutangulia kansa katika kila sentimita 1 ya ujazo, ni kusema ukubwa wa sukari moja ya donge. Tena, walipopima ADN, waliona vidonda vya kongosho moja mara nyingi havikutoka kwa chanzo kimoja.

Hesabu hiyo inatisha, lakini kansa ya kongosho haipatikani kwa watu wengi hivyo. Karibu vyote vinabaki bila kuleta neno. Vile vichache vitakavyogeuka, hakuna anayeweza bado kuvichagua kwa kuviangalia tu.

CODA ni chombo cha utafiti, si ekzame ya kuomba hospitali. Mugonjwa wa leo angali anasomewa vioo vyake kimoja kimoja.